Maporomoko Niliyokwenda Kuyatukana

Juzi nilifungua kasha la Mama kutafuta shali ya kumtupia mabegani, kwa sababu siku hizi hata ule upepo wa bahari wa pale Mama Ngina, ambao watu huufuata jioni wakila mihogo ya kukaanga, yeye unamtetemesha. Ikanipiga harufu ya vidonge vya nondo, ile kali inayopanda mpaka machoni. Chini kabisa, chini ya leso ambazo bado hazijakatwa, nikaliona sweta la kijani, la mitumba, kifungo kimoja hakipo. Sweta, Mombasa! Mwanangu akacheka, akauliza lilikuwa la nani na la kazi gani katika joto hili. Nikakaa kitako pale pale sakafuni, sweta mapajani, na hasira za zamani zikanipanda upya. Najua hadithi ya sweta lile inavyosimuliwa mitaani, na inavyosimuliwa sivyo.

Inasimuliwa hivi, na nyinyi wa rika langu mliokulia Mji wa Kale huenda mliisikia majumbani mwenu: ati kulikuwa na mwanamke aliyekalia eda ya mumewe, na alipotoka tu, akapanda gari kwenda bara kucheza maji, akimkokota nyuma mtoto wake yatima. Mwaka huu huu nimeisikia tena harusini. Aliyekuwa akiisimulia hakujua kwamba yule mtoto yatima ndiye mimi niliyekuwa nikimpakulia biriani. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba mwanamke huyo ni mamangu, na kwamba sijaona jambo alilolifanya maishani mwake likanipa fahari kuliko hilo. Akaona haya, akageuza maneno. Mimi sikutaka aone haya, nilitaka asikilize. Basi kwa kuwa yeye hakusikiliza, nawaambia nyinyi.

Babangu alikuwa dereva wa lori. Alipakia makontena bandarini Kilindini akayapeleka bara, hadi mpakani na kuupita mpaka, na alirudi na viazi, kabichi, na harufu ya dizeli ambayo Mama hakuweza kuitoa mashatini kwa sabuni yoyote. Vuli moja hakurudi. Mvua ilikuwa imeshika sana huko milimani, na ubavu wa mlima ukachopoka ukaiangukia barabara, naye yuko pale. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilikuwa mdogo, bado napewa nusu kikombe cha chai kwa kuogopewa kumwaga, na niliyoyasikia yote yalikuwa neno moja, likipita kutoka mdomo hadi mdomo barazani kwetu. "Kafa kwa maporomoko." "Inna lillahi, maporomoko hayo!" "Maporomoko yamemchukua kijana wa watu." Hakuna aliyeinama akanieleza. Mtoto akiuliza, alipewa halua.

Kuporomoka nilikujua. Roshani ya nyumba ya jirani iliporomoka siku ya mvua, mbao na mawe kwa pamoja, ikaua paka. Lakini roshani iliporomoka mara moja, ikazolewa, ikaisha. Maporomoko, kwa jinsi watu walivyoyataja, yalikuwa kitu chenye makao yake. Yalikaa mlimani. Yalikuwa yakingoja malori. Niliyapa mdomo, nikayapa na mikono, na nikilala niliyaona yamekaa kando ya barabara yakimtafuna babangu na viazi vyake.

Walipomleta Baba alikuwa amefungwa sanda tayari. Wanaume wakamchukua, na sisi wanawake tukabaki ndani, kwani kwetu wanawake hawaendi kuzika. Nilikuwa nimebanwa katikati ya mabuibui nikisikia sauti za wanaume zikififia mwisho wa uchochoro. Kwa hivyo babangu sikumwona akifa, sikumwona amekufa, wala sikumwona akizikwa. Nilichoachiwa ni lile neno. Nikalichukia kwa moyo wangu wote.

Mama akakalia eda katika chumba cha ghorofani. Hakupaka wanja wala hina, hakujifukiza udi, dirishani hakuchungulia. Shangazi, dadake Baba, alikuja kila siku kuhakikisha kwamba hachungulii. Simsemi vibaya Shangazi; alimpenda nduguye, na huzuni ilimtia ukali. Lakini huzuni ya namna ile hutaka pawe na askari na pawe na mfungwa, na mfungwa alikuwa Mama. Eda ilipokwisha, wakamwogesha, wakamvisha nguo mpya, wakamfukiza. Nilidhani sasa tutatoka. Hata! Shangazi aliendelea kuja kama kwamba hakuna kilichokwisha, na Mama akitia mguu mlangoni tu anaulizwa: "Waenda wapi?"

Masika yakaanza. Siku moja alasiri akaja Mjomba Twahir, nduguye Mama. Mjomba alikuwa akiendesha gari la watalii, lile la paa linalofunguka, na mvua zikinyesha watalii hawaji, basi naye huwa hana la kufanya ila kuzunguka kwa jamaa akinywa chai. Mimi nilikuwa ngazini, nimejikunja kwenye kipembe, mahali ambapo mtoto husikia yote.

"Gari lako liko wapi?" Mama akamuuliza.

"Limelala."

"Liamshe. Nipeleke Nyandarua, kwenye ile mbuga ya mlimani. Nataka kuyaona maporomoko ya maji."

Mjomba akapaliwa na chai. "Wakati huu? Dada, huko njia yote ni matope."

"Huu ndio wakati wake. Kiangazi huwa ni mchirizi tu. Masika ndiyo hujaa."

"Nani kakwambia?"

"Najua," Mama akasema. "Na mtoto naye atakwenda. Namtaka ayaone kwa macho yake."

 Kumbe Mama alikuwa akijua yanakokaa! Kumbe zile siku zote alizokaa kimya ukutani, watu wakidhani anaomboleza, alikuwa akingoja eda iishe apate kwenda kuyakabili, na mimi anataka niwe naye. Wallahi sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Mama alasiri ile. Sikumuuliza kitu. Niliona mambo makubwa kama haya hayaulizwi, yanatayarishwa.

Shangazi aliposikia, alizipanda ngazi zetu mbili mbili, mwanamke mwenye maumivu ya magoti. Tulimsikia akihema kabla hatujamwona.

"Lahaula! Mvua ndiyo iliyomuua ndugu yangu, nawe waifuata kwenda kuistarehea? Watu watasema nini?"

Mama alikuwa akipepeta mchele, wala hakuusimamisha ungo. "Watu gani? Wale waliokula pilau ya hitima wakaenda zao? Tangu siku ile ni yupi aliyebisha hodi akaniuliza nimelalaje?"

"Mwanamke mwenye heshima zake hukaa."

"Nimekaa. Niliyoamrishwa na Mungu nimeyakaa hadi siku ya mwisho, sikupunguza hata moja. Hayo ya kuongeza, weye wayatoa kitabu gani?"

Shangazi akajitanda buibui upya. Kisha akageuza shabaha. "Basi nenda. Mtu mzima hafungwi kamba. Lakini mtoto hatoki. Mtoto ni wetu, ni damu ya ndugu yangu, hafi kwa baridi za milimani kwa sababu mamake ana hamu ya matembezi."

 Kubaki? Baba yangu, na mimi nibaki? Nikatoka mbio ngazini nikasimama katikati yao. "Nakwenda!" nikapiga kelele. "Lazima nikayaone! Nakwenda, nakwenda, nakwenda!"

"Mtazame," Shangazi akasema kwa huzuni. "Ushamharibu. Jana huyu alikuwa hainui sauti."

"Jana alikuwa hana pa kuipeleka," Mama akasema. Akaweka ungo chini. "Dada, mtoto ana mama, na mamake ndiye huyu. Ukitaka kutuombea dua ya safari tutashukuru. Ukitaka kununa, nuna, chai iko jikoni."

Shangazi alinuna. Lakini kabla hajashuka alinishika kichwa akanisomea, akanipulizia utosini, na mkono wake ulikuwa moto. Hilo pia wanaosimulia hulisahau.

Siku zilizobaki nilizitumia kukusanya matusi. Msinicheke. Nilijua mimi mdogo, sina nguvu za kuyapiga maporomoko wala kuyatia pingu, lakini nina mdomo, na yale yalikuwa hayajawahi kutukanwa na mtu wa Mombasa. Nilianza na ya nyumbani: mshenzi, baradhuli, mwanahizaya. Mama aliponipeleka Makupa kununua masweta ya mitumba, Mjomba akatuteremsha penye msongamano wa malori, na pale nikavuna. Wapakiaji wawili walikuwa wakigombania mkokoteni, na kila mmoja alikuwa bingwa. Mama akajaribu kuniziba masikio, amechelewa. Matusi mengine sikuyaelewa, nikayahifadhi hivyo hivyo kwa sababu yalikuwa na uzito mdomoni. Nikienda kuoga nilijifungia msalani nikayasema kwa kunong'ona, moja baada ya jingine, nisije nikasahau mbele ya adui.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, tukalala Nairobi kwa rafiki ya Mjomba, na kesho yake asubuhi tukaushika mlima. Nisiwadanganye, niliogopa. Kila gari lilipopanda ndipo nilipozidi kuona kwamba huku si kwetu. Udongo ulikuwa mwekundu, mashamba yamesimama kwenye miteremko kama yametundikwa, watu wamevaa mabuti na makofia ya sufu. Tukaingia lango la mbuga, mashamba yakakoma, ikaja mianzi iliyosongamana pande zote, ukungu ukipita katikati yake. Nilipumua, nikaona moshi ukinitoka kinywani. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Nilidhani roho ndiyo inayotoka, kwamba maporomoko yameshajua tunakuja na yameanza kunivuta kwa mbali. Mjomba akaniona kwenye kioo.

"Nini, bibie?"

"Natoka moshi."

Akacheka mpaka gari likayumba matopeni, kisha naye akapuliza wake nione, na Mama akapuliza wake. Sikucheka. Sikuja huko kucheka.

Mahali gari lilipokomea tulipokewa na askari wa mbuga, msichana mrefu mwenye bunduki begani, aliyepewa kazi ya kututeremsha kwa sababu nyati hupita njia ile. Alimtazama Mama kuanzia juu hadi chini, buibui, sweta la kijani juu ya buibui, na mabuti ya kuazima.

"Karibuni, watu wa Mombasa. Sasa mama, chini kunateleza, na hii masika maji ni mingi sana. Si ubaki hapa juu? Hata hapa unaweza kuona vizuri. Wamama wengi hubaki."

"Mwanangu," Mama akamjibu kwa upole, "mimi nimeshuka ngazi za nyumba za Mji wa Kale kwa mimba ya miezi tisa na sinia la chai mkononi. Tangulia."

Yule msichana akacheka, akatangulia. Mama akakusanya buibui lake akalipiga fundo kiunoni, akanishika mkono, na Mjomba nyuma yetu akisema bismillahi kila hatua. Ngazi zilichongwa kwenye udongo, zimefunikwa na majani yaliyooza. Mara nikaanza kuyasikia. Mwanzo yalikuwa kama lori linalopanda mlima mbali sana, na hapo ndipo mwili wangu wote uliponisisimka, kwa kuwa niliujua mngurumo wa lori, nilikuwa nikiungoja mlangoni kila Baba akitarajiwa. Kumbe ndivyo yanavyofanya, nikajiambia. Yanajifanya lori ili malori mengine yaje. Laana! Kila tulivyoshuka kelele ikazidi, mpaka ikawa kifuani, mpaka Mjomba akawa anachezesha midomo tu bila kusikika.

Njia ikapinda kona, na yakawa pale.

Sijui niwaambie nini. Yalikuwa meupe, marefu kuliko minara yote ya misikiti yetu ikipandana, yakianguka bila kukoma kutoka kwenye ukungu ambao hatukuuona mwisho wake. Yalikuwa mazuri. Hilo ndilo lililonichoma. Nilitaka yawe na meno, yawe machafu, yawe na damu. Nilitarajia kila kitu isipokuwa uzuri. Nikamtazama Mama, nikaona anayaangalia akiwa amefungua mdomo, uso umelowa, na nikaogopa asije akayapenda. Nikauchopoa mkono wangu, nikakimbilia kwenye ukingo wa mawe, nikasimama mbele ya maporomoko.

"Mwanahizaya!" nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. "Baradhuli! Mshenzi mkubwa! Umemuua babangu! Alikuwa na viazi tu, hakukufanya kitu! Huna haya, huna mama, Mungu akukaushe!"

Kisha nikamalizia na yale ya Makupa. Yote.

Yule msichana wa bunduki alinirukia akanidaka kiuno, akanirudisha nyuma. Mjomba, ambaye alikuwa amesikia ya Makupa, alikuwa ameshika kichwa. Mama alikuja akachuchumaa kwenye matope, akanishika mabega, akaleta uso wake karibu kabisa na wangu tupate kusikizana.

"Nani kakwambia haya ndiyo yaliyomuua babako?"

"Nyinyi! Nyote! Mlisema kafa kwa maporomoko!"

Nikaona uso wa Mama ukibadilika, polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mtoto sokoni. Akafunga macho, akayafungua. "Yale yalikuwa maporomoko ya udongo, mwanangu. Mlima ulivunjika. Ni mbali na hapa. Haya ni ya maji, ni mto unaanguka tu. Hayajamgusa babako."

"Si neno ni lile lile?"

"Neno ni lile lile," akasema. "Kosa letu. Hakuna aliyekwambia."

 Safari yote ile. Matusi yote yale. "Basi twende kwenye yale ya udongo," nikasema. "Nipeleke huko."

"Hayapo. Yalizolewa. Barabara ilitengenezwa, malori yanapita."

"Hata kidogo hayakubaki?"

"Hata kidogo."

Hapo ndipo nilipolia. Sikuwa nimelia tangu siku ile ya mabuibui, watu walikuwa wakinisifu, ati mtoto jasiri. Nililia kwa hasira, nikimpiga Mama kifuani kwa ngumi, nikimuuliza: "Basi nimtukane nani? Mama, nimtukane nani?" Naye hakunizuia mikono. Mtu mwingine yeyote wa kwetu angeniambia nyamaza, ni kazi ya Mungu, sema astaghfirullah. Shangazi angesema hivyo. Mimi mwenyewe nimewaambia hivyo watoto wa wenzangu, na nimejisikia mwongo nikisema.

Mama aliniacha nikapiga mpaka nikachoka. Kisha akainuka. Akaliweka sawa sweta lake, akapiga hatua kwenda pale pale ukingoni niliposimama mimi, akazidi kidogo, mpaka manyunyu yakamfunika. Nilidhani anakwenda kuyaomba radhi yale maji kwa niaba yangu.

"Wewe!" Mama akapiga kelele.

Sikuwahi kusikia sauti ile. Hata Mjomba, aliyezaliwa naye tumbo moja, alishtuka. Haikuwa sauti ya kusomea Yasini, wala ya kumwita mtoto uchochoroni. Ilipita juu ya maji.

"Wewe! Kila safari ulikuja na viazi ukanisimulia haya maji! Ulisema utanileta! Masika yajayo, ukasema! Masika yakija, unasema masika yajayo! Nikakungoja! Nimezaa nikikungoja, nimezeeka nikikungoja, nawe ukaenda kufa barabarani kabla hujanileta!" Akavuta pumzi, akajipiga kifua kwa kiganja, akayaonyesha maji kidole. "Haya! Nimekuja! Unaniona? Nimejileta mwenyewe!"

Mjomba alikuwa amegeuka, anaitazama mianzi, mabega yakimcheza. Yule msichana wa bunduki alisogea, hajui amshike asimshike. "Mama, rudi nyuma kidogo, tafadhali. Utateleza."

"Sitelezi," Mama akasema, wala hakurudi. Maji yalikuwa yakimchuruzika kuanzia kichwani, buibui limemganda mwilini, na alikuwa akilia na kucheka mahali pamoja. Akageuka, akanitafuta kwa macho, akaninyooshea mkono.

"Na weye, mbona umenyamaza?" akaniita. "Ndoo, sogea hapa. Hukumaliza."

Nikaenda, nikasimama ubavuni mwake. Tukayatukana wote wawili mpaka sauti zikatukauka.